Eda ya Mama na Karatasi Niliyoisoma

Mama yangu alikaa eda ya baba miezi minne na siku kumi, hapa hapa Zinga, katika chumba cha uani chenye dirisha moja. Mimi nililala naye chumba hicho tangu siku ya kwanza hadi siku alipotolewa. Hakuna mwanamume aliyeingia. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu siku nilipoulizwa mbele ya watu sikulisema.

Watu wa kwetu tuna adabu nyingi. Mgeni akija atakwambia mwenyewe: hawa wa pwani wana adabu, wanasalimia, wanakaribisha, sauti zao za chini. Mimi adabu hiyo naijua kwa ndani, maana ndiyo iliyotaka kumuua mama yangu, na ilikuwa inafanya kazi hiyo huku ikisema bismillahi.

Mwenye kuishika adabu nyumbani kwetu alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikwisha zika waume wawili na wote aliwakalia eda, kwa hiyo katika jambo hilo alijiona profesa. Eda aliyotufundisha ustadhi chuoni ina masharti yanayohesabika: mjane asijipambe, asitie manukato, asiposwe, asitoke nyumbani kwake bila ya dharura. Shangazi akaongeza yake. Asijitazame kwenye kioo. Asiitikie hodi ya mwanamume, hata ya shemeji yake. Asipokee simu mpaka mimi niisikilize kwanza nijue ni sauti ya nani. Asivuke ua wa makuti hata kama jirani kafiwa. Mtu akiuliza dharura ni nini, shangazi alijibu kwamba dharura ya mjane ni choo, na choo kipo ndani ya ua. Wanawake wote walicheka. Nami nilicheka.

Baba alianguka kwenye shamba la muhogo, asubuhi, akiwa na jembe mkononi. Ilikuwa presha. Mpaka tunapata gari la kumpeleka mjini alikuwa amekwisha kata roho. Alikuwa mtu wa utani mwingi na maneno machache, kama inawezekana mtu kuwa hivyo. Ujana wake aliumaliza Msata, njia panda, akipakia malori, kisha akarudi Zinga akaoa, akalima. Kila baada ya miezi kadhaa aliondoka asubuhi kwenda Bagamoyo mjini, akasema anafuata samaki, na jioni akarudi na samaki kweli: nguru, au changu wa kukaanga. Sisi watoto tuliipenda safari hiyo. Nimekuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba samaki walikuwa kisingizio, na kwamba chini ya samaki, kwenye mfuko wa pili, zilikuwamo dawa zake na za mama za kupunguza makali ya virusi.

Zahanati ya karibu ipo, tena unakwenda kwa miguu. Lakini kwenye zahanati ya karibu ndiko wanakokaa majirani wote kwenye benchi. Kwa hiyo wazazi wangu walijiandikisha mjini, wasikojulikana, na baba akawa ndiye mfuataji wa dawa za wote wawili. Walizimeza miaka kumi na zaidi ndani ya nyumba yenye watoto wanne, na hakuna mtoto aliyejua. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina cheti cha kidato cha nne, nina cherehani yangu kando ya barabara nikishona sare za shule, najiona msomi wa nyumba. Sikujua lolote.

Baba alipokufa mama alikuwa amebakiwa na vidonge vya siku kumi na kitu. Nimezijua hesabu hizi baadaye, kutoka kwake mwenyewe. Vya baba vilikuwa vya aina ile ile, hivyo alipomaliza vyake alimeza vya marehemu. Kopo alilificha ndani ya bunda la ukili. Mama alikuwa msukaji wa mikeka. Husuka kwanza ukili, ule utepe mrefu wa majani ya miyaa, anaukunja kama mpira wa kamba, na mabunda yakitosha ndipo anashona mkeka. Nani angefungua bunda la ukili la mjane? Kila siku baada ya sala ya magharibi nilimwona anavuta bunda lile la rangi ya zambarau, anatia mkono katikati, anageukia ukutani, anakunywa maji. Nilidhani ni dawa ya presha. Sikuuliza, maana kumuuliza mtu mzima anameza nini ni utovu wa adabu.

Alipoona vinapungua akaanza kumeza siku moja anaruka moja. Akajiwekea kwamba arobaini ya baba ikipita atamwambia shangazi. Hangemwambia yote. Angemwambia tu kwamba ana maradhi ya zamani na kuna dawa mjini, wamruhusu atoke siku moja, ajifunike gubigubi, aende na mimi, arudi. Alikuwa ameyapanga maneno hayo neno kwa neno.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, wageni walipokwisha kula na kuondoka, shangazi akalitoa sanduku la bati la baba. Alikuwa anatafuta karatasi ya serikali ya kijiji inayohusu shamba. Tuliketi sebuleni: shangazi, wanawake wawili wa ukoo na mimi. Mama alikuwa chumbani nyuma ya pazia. Shangazi hajui kusoma vizuri, kwa hiyo alikuwa anatoa karatasi moja moja ananipa mimi. Stakabadhi ya mbolea. Kadi yangu ya kliniki nilipokuwa mtoto. Kisha karatasi mbili zilizobanwa pamoja, moja ina jina la baba, ya pili ina jina la mama, na juu yake yapo maneno ya kuhusu kipimo cha wingi wa virusi. Chini kabisa mtu ameandika kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri: havionekani.

Mimi niliruka ya juu nikasoma ya chini. Nikasoma kwa sauti, tena kwa furaha. Nikawaambia, "Baba na mama walipima ukimwi. Wote wazima. Virusi havionekani."

Shangazi akasema alhamdulillahi. Akasema kaka yake alikuwa mtu safi, alilijua hilo hata bila ya karatasi. Wale wanawake wakaitikia. Mmoja akasema angalau wifi amebaki na afya yake, Mungu hamwachi mjane. Na nyuma ya pazia mama yangu akasikia yote, akayameza yale maneno aliyoyapanga.

Angesemaje? Nimewahi kumuuliza. Alisema aliona mlango umefungwa na mwanawe ndiye aliyeufunga. Kama angetoka wakati ule akasema ile karatasi haina maana hiyo, angekuwa amemvua nguo mumewe siku ya arobaini yake, mbele ya dada yake, na ubani bado unanukia. Vidonge vilivyobaki alivimaliza wiki ile, na baada ya hapo sikumwona tena akitia mkono kwenye bunda la zambarau. Hilo nalo niliona. Sikuuliza.

Zikabaki siku themanini na kitu.

Alianza kukonda. Alitoka vidonda mdomoni akawa anakula uji tu. Alitoka jasho usiku, asubuhi nikawa naanika shuka lake. Watu wakasema ni huzuni. Mjane akikonda watu hufurahi kidogo, wanaona eda inakaliwa ipasavyo, wanaona marehemu anapewa haki yake. Shangazi alijivunia kukonda kwa mama kama vile yeye ndiye aliyempunguza kwa mikono yake. Mimi nilipendekeza mara moja tu twende zahanati. Shangazi akasema zimebaki siku chache, avumilie, asije akaiharibu eda nzima mlangoni. Nikakubali. Ni rahisi sana kukubali mwili unapokuwa wa mtu mwingine.

Siku ya kumtoa eda walikuja wanawake watatu kumwogesha, na shangazi wa nne. Mimi nilikuwa nateka maji. Walimvua zile nguo nyeupe za eda, wakamgeuza, na hapo mazungumzo yote yakakatika. Kutoka uti wa mgongo kuja mbele chini ya titi palikuwa na malengelenge yamejipanga, mekundu, mengine yamepasuka. Kila mtu wa umri wao anaujua mkanda wa jeshi, na kila mmoja amewahi kuzika mtu aliyeanza nao. Wakamwogesha kwa ncha za vidole. Kanga mpya alizonunuliwa akavishwa haraka haraka, udi ukafukizwa, lakini pilau ile ililiwa na watu wasiotazamana.

Kesho yake tulikwenda zahanati, na shangazi akajitia kwenye msafara. Aliingia mpaka ndani ya chumba cha kupima, na mama hakuwa na nguvu ya kumkatalia. Wakampima. Vipo.

Tuliporudi, shangazi hakusubiri hata tuvue viatu. Aliwaita wale waliomwogesha, akawaketisha kwenye jamvi, akasimama mlangoni.

"Wifi," alisema, "karatasi yako ilisomwa hapa hapa na mwanao wa kumzaa. Ilisema havionekani. Kaka yangu yuko chini ya udongo huu mwezi wa tano. Hivi vya leo vimetoka wapi?"

Mama alijibu kwa sauti ya chini kwamba anavyo tangu zamani. "Tulikuwa tunameza dawa, mimi na kaka yako. Baba yao ndiye aliyekuwa anazifuata mjini. Dawa zimeniishia humu ndani."

"Usimsingizie maiti."

"Simsingizii, wifi."

"Kadi za dawa ziko wapi?"

Kadi baba alizificha anapopajua mwenyewe, na hatujaziona mpaka leo. Mama akasema waende kliniki wakaulize. Shangazi akasema yeye haendi kumfukua nduguye kwenye madaftari ya watu. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ulikuwa unalala naye. Sema mbele ya Mungu. Kuna mtu aliingia humu?"

Jibu lilikuwa neno moja. Nilikuwa nalijua. Ule ua ulikuwa na wanawake kuanzia alfajiri mpaka isha, shangazi mwenyewe akikaa mlangoni kama askari wa geti. Hata paka dume asingepita. Lakini nilikuwa nimeisoma ile karatasi kwa macho yangu, na kichwani mwangu msomi wa kidato cha nne alikuwa anapiga hesabu: kama havikuwapo na sasa vipo, basi vimeletwa, na kama vimeletwa yuko aliyevileta. Nikaanza kukumbuka saa nilizokuwa kwenye cherehani. Nikamkumbuka muuza maji anayesukuma baiskeli yenye madumu. Nikamkumbuka shemeji yake mama aliyeleta mchele akasimama nje kidogo. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu nilikuwa namtafutia mama yangu mwanamume.

"Mimi mchana huwa nipo kwenye cherehani," nikasema. "Sijui."

Mama alinitazama. Alikwenda chumbani akatia mabunda ya ukili kwenye kiroba, akavaa baibui lake, akatoka mlango wa mbele kwa mara ya kwanza tangu baba afe, akaenda kwao Fukayosi kwa kaka yake. Ule mkeka wa eda, aliokuwa amekwisha ushona nusu, aliuacha sakafuni na sindano imechomekwa.

Neno lile nililosema lilifika barabarani kabla yake. Lilifika kisimani na kwenye mashine ya kusaga. Watu wakaliongeza chumvi, wakamtaja muuza maji, wakamtaja shemeji, na mimi nikikaa kwenye cherehani nikiwashonea watoto wao sare. Hakuna aliyenichukia. Walinionea huruma, na huruma ile ilinikera kuliko matusi.

Wiki tatu baadaye mjomba akanipigia simu kutoka Fukayosi. Akasema mama ameanza tena dawa mjini, lakini kliniki wanataka ndugu mmoja afuatane naye, afundishwe namna ya kumsaidia. Mkewe anauguza, yeye anaendesha trekta la watu. Akasema, "Nakuita wewe kwa sababu sina mtu mwingine." Hakulificha hilo.

Tulikutana kwenye benchi la kliniki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila ya kunitazama. Mkanda ulikuwa umekauka lakini alikaa upande upande, maumivu yake hayajesha. Tulikaa saa nzima, wengine wakiitwa mmoja mmoja. Kisha, akitazama mbele, akasema jambo ambalo hakupata kuniambia maishani.

"Mara ya kwanza alivileta baba yako kutoka Msata. Tulipopima mimi nina mimba ya mdogo wako, aliniambia mwenyewe. Nikamsitiri. Hakuna mtu aliyeniita kwenye jamvi nikamtaja, na hakuna aliyemuuliza yeye vimetoka wapi. Mimi mmeniuliza."

Alisema mmeniuliza. Alinitia humo humo na wengine, na ndimo nilimokuwa.

Nesi aliyetuita ndani alikuwa mwanamke mtu mzima, ana miwani inayoning'inia kifuani, na alimjua mama tangu zamani. Alitueleza kuhusu vidonge, saa ya kumeza, chakula. Kisha akaniuliza kama nina swali. Nilikuwa nalo. Nilijua ni swali baya na mama yupo hapo, lakini lilikuwa linaniwasha tangu siku ile ya jamvi, na niliona nisipouliza hapa nitakufa nalo.

"Ile karatasi ya zamani ilisema havionekani. Hakuna mtu aliyekutana naye. Sasa hivi vimetoka wapi?"

Nesi aliitazama sura yangu, kisha ya mama, na nadhani alielewa nyumba nzima. Hakunigombeza. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Havijatoka popote, binti yangu. Vilikuwamo. Karatasi ilisema havionekani, haikusema havimo. Sisi tunapima damu tu. Dawa inavizuia visizaane, kwa hiyo kwenye damu vinapungua mpaka mashine haivioni. Lakini vingine vilikwisha jipenyeza zamani ndani ya seli za kinga vikajificha humo, vimelala, havifanyi lolote. Dawa haiwezi kuvitoa, maana dawa inakipata kinachozaana, kilicholala inakipita. Vipo kwenye tezi, vipo kwenye utumbo, na kwingine. Dawa ikikatika baadhi vinaamka, vinaanza kuzaana upya. Kwa wengi ni wiki chache tu."

"Vinaamkia wapi?"

"Hilo hata wataalamu bado wanalitafuta. Wangepajua hasa, wangekwisha pata dawa ya kuponya. Ninachokijua mimi ni hiki: mfungie mtu chumba cha peke yake, umtie kufuli, ufunguo ulale nao wewe, usimpe dawa. Vitarudi tu."

Mama akasema, "Ndago."

Nesi hakuelewa. Mimi nilielewa. Nimelima tangu nikiwa na miaka sita. Ndago unaipalilia leo, shamba linakuwa jeupe, mpita njia anakusifu. Vitunguu vyake viko chini hujavigusa, mvua moja tu imerudi yote. Na hakuna mtu wa Zinga, hata mpumbavu wetu wa mwisho, aliyewahi kuona ndago imerudi akauliza ni nani aliyeingia shambani kuipanda.

Nilitaka kuyatengeneza. Kijana akiharibu hudhani kila kitu hutengenezeka. Nilikwenda kwanza kwa imamu wa msikiti wetu, ambao uko karibu na nyumba kiasi kwamba kipaza sauti kikiwashwa tunamsikia akikohoa. Nilimkuta anafua nazi. Nikamuuliza: mwanamke aliye kwenye eda akiwa mgonjwa, anaruhusiwa kwenda hospitali? Akanishangaa. "Mgonjwa anatoka, binti yangu. Anakwenda kutibiwa mchana, anarudi kwake kulala. Ni nani aliyemzuia?" Akauliza tena, "Na miezi yote minne hiyo, mbona hamkuja kuniuliza?" Aliendelea kufua nazi. Nilihesabu hatua kurudi nyumbani. Zilikuwa hazifiki sitini.

Kutoka hapo nikaenda kwa shangazi. Alikuwa anamenya muhogo barazani, nikakaa chini nikachukua kisu cha pili nikamsaidia, nikamweleza taratibu kama nilivyoelezwa: damu, dawa, vilivyolala. Nikamwambia karatasi niliisoma vibaya, kosa ni langu. Nikamkumbusha ndago. Shangazi si mjinga. Aliacha kumenya.

"Kwa hiyo kaka yangu naye amezikwa navyo."

"Ndiyo, shangazi."

"Na karatasi yake ya havionekani, nayo ndivyo hivyo hivyo."

"Ndivyo."

Nilimwona amenielewa. Nilimwona kabisa. Kisha akachukua muhogo mwingine.

"Basi maneno yabaki kama yalivyo," alisema. "Wifi ni mtu wa Fukayosi, amekwisha kwenda kwao. Kaka yangu kaburi lake liko hapa, na watoto wake mko hapa, na hakuna atakayekuja kukuposa wewe akisikia baba yako alikufa navyo. Ukienda kuyasema hayo utanisikia."

Nimewasikia watu wengi wakisema ujinga ndio unaotumaliza. Mimi nilimwona mtu akijua, palepale, huku anamenya muhogo, na akachagua. Na kitu kinachonichoma hadi leo ni kwamba aliponitaja mimi na posa, nilinyamaza. Ilinichukua wiki mbili kufungua mdomo. Nilipoanza kuwaambia wateja wangu mmoja mmoja kwamba mama hakufanya lolote, vilikuwamo tangu zamani, vilikuwa vimelala, waliitikia kwa upole. "Mtoto lazima amtetee mama yake," walisema. Ile sijui yangu waliiamini mara moja. Haya mengine waliyapokea kama vile mtu anavyomwokotea mgonjwa wa akili kanga yake iliyoanguka.

Siku hizi kila mwezi nakwenda Fukayosi. Napeleka sabuni, sukari, na samaki kutoka mjini, kwa sababu dawa namfuatia mimi sasa na siwezi kuzibeba bila samaki, mkono haukubali. Mama amenenepa. Analima bustani ya kaka yake, na husuka. Hajakanyaga Zinga tena. Hanitukani, hanisimangi, ananipikia, ananiuliza habari za cherehani, na mimi ningependa anitukane.

Mwezi uliopita nilimpelekea majibu ya kipimo kipya. Alikuwa ameketi uani juu ya jamvi, anachambua miyaa. Nilimwamkia, akaitikia. Nikampa karatasi. Mama anajua kusoma, tena vizuri kuliko shangazi, lakini aliirudisha mkononi mwangu.

"Nisomee wewe. Wewe ndiye msomaji."

Nikasoma. Safari hii nilianzia juu kabisa, nikasoma kila mstari, jina lake, umri wake, kipimo cha wingi wa virusi. Nikafika chini.

"Havionekani."

"Vimekwenda wapi?"

"Havijaenda popote, mama. Vimo. Vimelala."

"Na nikiacha dawa?"

"Vitaamka."

Aliitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyeridhika na mwanafunzi mzito. Aliendelea kuchambua miyaa, mirefu huku, mifupi kule. Mimi sikuweza tena kujizuia. Nilimwomba msamaha kwa mara ya ngapi sijui, nikamuuliza kama ipo siku litamtoka moyoni lile neno nililolisema kwenye jamvi, kama labda limekwisha mtoka.

Hakuinua uso. Alisema, "Hilo usiniulize tena, mwanangu. Wewe njoo tu kila mwezi."

Kisha akaniambia nikawashe moto, samaki wasije wakaharibika.